Kuku wa Nazi wa Sultani Haidari

Hapo zamani, enzi ambazo wafalme walikuwa wepesi wa kuapa kuliko wa kupiga chafya, palikuwa na sultani katika mji wa Mtondooni, jina lake Haidari. Alikuwa na askari, na mashamba ya miwa, na kiti cha enzi ambacho miguu yake ilichongwa mfano wa kwato za nyati, wala hapakuwa na mtu wa kumtisha katika dunia hii ila mmoja, naye ni dada yake, Bi Mwanashaha.

Bi Mwanashaha ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Haidari akiwa bado anatambaa, basi dada yake, naye mwenyewe ni binti mdogo, akambeba mgongoni, akamkorogea uji, akamwogesha, akamchapa alipostahili kuchapwa. Na siku ambazo mtoto aliugua au alikuwa na huzuni, alimpikia kuku wa nazi. Haidari akakua, akawa sultani. Bi Mwanashaha akaolewa mji wa mbali, upande wa bara, akakaa huko na mumewe kwa wema.

Ikawa mwaka ule mume akafariki. Habari zilipofika Mtondooni, Sultani alikuwa na wageni wa heshima, wamemletea zawadi ya kasuku ajuaye kusalimu kwa lugha za watu, naye akasema moyoni, nitakwenda msibani kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, kasuku akazoeleka, wageni wakaondoka, matanga yakaondolewa, eda ikaisha, na Sultani hakwenda. Kisha akaja mjumbe, akasema, "Bi Mwanashaha anakusalimu. Ijumaa atapita kukutazama."

Sultani akauliza, "Hakusema jingine?"

"Hakusema, bwana wangu."

Na hilo ndilo lililomkosesha raha, kwa sababu alimjua dada yake. Akigomba, jambo limekwisha. Akinyamaza, lipo.

Basi Sultani akawaza namna ya kumwomba radhi, na maneno hakuyapata, maana mtu aliyezoea kuamrisha, ulimi wake hauna njia ya kuombea. Mwisho akasema mbele ya baraza lake, "Nitampikia dada yangu kuku wa nazi kwa mkono wangu mwenyewe."

Mabwana wa baraza wakatazamana. Waziri wake, Jabiri, mtu mrefu mwenye ndevu chache na fikira nyingi, akainuka akanena, "Ni jambo tukufu, bwana wangu. Lakini nina hofu. Wapishi wataingia nyuma yako, huyu atatia chumvi, yule atatoa mafuta, na mgeni akila watu watasema, Sultani kapikiwa."

Sultani akaona ni kweli. Waziri akamtungia kiapo papo hapo, na Sultani akakiapa kwa kaburi la baba yake, na mpiga mbiu akapita nacho mitaani akipuliza pembe: Chungu cha Sultani ni cha Sultani. Kikishafunikwa, mtu yeyote, awe mkubwa awe mdogo, awe Sultani mwenyewe, asitie kitu chunguni wala asitoe kitu chunguni. Na Bi Mwanashaha hatakula mchuzi mwingine ila huo. Atakayetia au kutoa, nyumba yake itavunjwa na yeye atafukuzwa mjini.

Ijumaa asubuhi Sultani akaingia jikoni, amevaa kilemba na shuka amejifunga kiunoni. Mpishi wake mkuu, Mama Subira, akasimama kando mikono nyuma, maana alikuwa amekatazwa kugusa hata mwiko. Sultani akakatakata majogoo, akakaanga vitunguu, akatia thomu na tangawizi na bizari, na mpaka hapo harufu ikawa nzuri, hata yeye mwenyewe akashangaa. Kisha akafika kwenye pilipili, akauliza, "Mama Subira, hutiwa kiasi gani?"

"Kidogo, bwana wangu. Hizo ni pilipili kichaa."

Sultani akalitafakari neno lile, kidogo. Tangu azaliwe hajafanya jambo kidogo. Zawadi zake zilikuwa kubwa, hasira zake zilikuwa kubwa, hata kasuku wake alikuwa mkubwa. Akaona haya kumpa dada yake kitu kidogo. Akachukua bakuli zima la pilipili kichaa, akaliinamisha juu ya kinu, akatwanga kwa nguvu zake zote, akamimina chunguni. Kisha akajifuta jasho kwa mkono uleule, na kwa kitambo kirefu jicho lake la kulia halikumtumikia.

Tui likachemka, mchuzi ukawa mwekundu kama shuka ya Mmasai. Sultani akaepua chungu, akakifunika kawa mbele ya mashahidi, na baraza zima likasema amina. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hajaonja. Upawa aliokorogea ulikuwa bado mkononi, una mchuzi ndani yake, basi akaunywa wote kwa mkupuo mmoja.

Kwanza hakusikia kitu. Kisha akasikia kila kitu. Masikio yake yakavuma, kilemba kikamlegea chenyewe, akaona kama mtu amemwashia tanuri la chokaa kooni na bado anachochea. Alitaka kusema neno, ikatoka pumzi tu. Akampa Waziri upawa kwa ishara ya kichwa.

Waziri akaulamba ukingoni. Machozi yakamtiririka mpaka ndevuni. Akasema kwa sauti nyembamba, "Mtamu, bwana wangu. Ninalia kwa utamu."

Kadhi akalamba, akasema ni mtamu, akaenda kuketi ndani ya pipa la maji. Akida wa askari akalamba, akasema ni mtamu, kisha akamsalimu kasuku akidhani ni shangazi yake. Paka wa jikoni akalamba tone lililodondoka sakafuni, yeye hakusema mtamu, akapanda ukutani akavuka akaenda zake.

Sultani akaketi juu ya gunia la mchele. Sauti ilipomrudia akasema, "Anayesema mchuzi huu ni mtamu nitamnywesha bakuli." Akamgeukia mpishi. "Mama Subira, wewe hukusema. Mchuzi ukizidi pilipili hufanywaje?"

Mama Subira akajibu, "Bwana wangu, dawa zipo nyingi. Hutiwa tui zaidi. Hutiwa viazi, ama muhogo, vikaunywa ukali. Hukamuliwa ndimu, hutiwa sukari kidogo. Ama hupunguzwa mchuzi, ukatiwa mwingine."

"Hutiwa," akasema Sultani.

"Ndiyo, bwana wangu. Ama hutolewa."

Wakakitazama chungu. Kilikuwa kimefunikwa kawa, kimetulia, na mvuke wake ulikuwa ukimfanya kila aliyepita karibu akohoe. Sultani akaona dada yake akinawa mikono, akaona akila tonge la kwanza, akamwona akinyamaza. Na akivunja kiapo, mji wote utasema Sultani hana neno, na dada yake alimlea awe mtu wa neno. Kwa mara ya kwanza tangu atawazwe alitamani kuwa na mtu wa kumwambia afanyeje.

Wakati huo mlangoni pakabisha mtu, jina lake Mfaume. Ufalme wa Mfaume huyu ulikuwa kibanda chenye paa upande mmoja na kitanda cha kamba upande usio na paa. Kiberiti hana, mafuta hana, basi kila asubuhi alikuja jikoni kwa Sultani kuomba kijinga cha moto, na watu walimwita punguani.

Waziri, ambaye ulimi ulikuwa bado unamwasha na alitaka mtu wa kumtolea hasira, akamwuliza, "Umefuata nini?"

"Nimekuja kuomba kijinga, bwana waziri."

"Kijinga unacho cha kukutosha wewe na wajukuu zako."

"Ninacho," akasema Mfaume, "lakini changu hakiwaki."

Sultani alitaka kucheka, koo likamkataza. Waziri akamgeukia, akasema, "Bwana wangu, mtu huyu hukaa vibarazani akasema hakuna jambo lisilo na mlango. Basi atuonyeshe mlango wa jambo hili. Auokoe mchuzi bila kutia wala kutoa. Akiweza, mpe atakacho. Asipoweza, kibanda chake kivunjwe na atoke mjini leo, ili tuseme tulijaribu."

"Nilisema hakuna nyumba isiyo na mlango," akasema Mfaume. "Na hata hapo niliteleza, kwa kuwa yangu haina."

Sultani alijua kwamba ni dhuluma. Lakini jua lilikuwa linapanda, dada yake yu njiani, na mtu anayezama hachagui wa kumshika. Akasema, "Imekwisha kuwa hivyo, Mfaume. Fanya uwezalo."

Mfaume akakizunguka chungu, akakinusa, akatokwa machozi, akaomba mpiga mbiu aitwe amsomee kiapo tena, maana siku ya mbiu alikuwa amelala. Mpiga mbiu akakisema chote bila kukosea. Mfaume akasikiliza kichwa ameinamisha, kisha akauliza, "Chungu chenyewe, bwana wangu, chaweza kusogezwa?"

"Kwani kina mizizi? Kisogezwe."

"Na chaweza kuwekwa popote?"

"Popote utakapo, ila pasiwe kwa jirani."

"Hewala. Basi naomba sufuria kubwa la kupikia harusi, na nazi nyingi, na mbuzi za kukunia nazi, na viazi."

Waziri akasema, "Nazi za nini? Kiapo kimekataza kutia tui chunguni."

"Sitatia tui chunguni, bwana waziri. Hata tone."

Sultani hakuelewa, lakini kutoelewa kulikuwa na nafuu kuliko pale alipokuwa. Akaamuru mbiu ipigwe. Mpiga mbiu, ambaye alikuwa hodari wa kukumbuka maneno lakini si wa kuuliza maana yake, akapita mitaani akitangaza, "Kila mwenye mbuzi na aje na mbuzi wake uani kwa Sultani, upesi, ni amri."

Haukupita muda, ua ukajaa. Nusu ya mji walikuja na vibao vya kukunia nazi. Nusu ya pili walikuja na wanyama, majike kwa mabeberu, wenye mimba na wenye kigugumizi cha miguu. Bibi mmoja alikuwa akimkumbatia mbuzi wake shingoni, akisema, "Chukueni lakini msimchinje mbele yangu, amenizoea." Beberu mmoja akaingia barazani akala mkeka wa kadhi, ambaye bado alikuwa pipani na hakuweza kuutetea.

Sultani akashika kichwa. "Mfaume, hawa tuwafanyeje?"

"Waacheni, bwana wangu. Machicha yatakayobaki yataliwa na nani?"

Basi wenye vibao wakaketi wakakuna, na wenye wanyama wakafua nazi na kuchuja, na mbuzi wa miguu wakala machicha ya mbuzi wa vibao, na uani pakawa na kelele kama sokoni. Sufuria la harusi likatelekwa juu ya mafiga, likajazwa tui, likatiwa viazi, likachemka polepole. Hapo Mfaume akaondoa kawa, akakinyanyua chungu cha Sultani kwa kitambaa, uso ameupinda kando, akakishusha chungu kizima ndani ya sufuria.

Chungu kikaelea kidogo, kikayumba, tui likapanda mpaka ukingoni, likaangalia ndani kama jirani mdaku, kisha likaingia. Chungu kikazama. Kilipofika chini kikalala ubavu chenyewe, na wekundu ukaanza kutoka taratibu, ukapanda juu, ukasambaa.

Mfaume akachukua mwiko mrefu, akakoroga sufuria, kando ya chungu, bila kukigusa. Akachota, akampa Sultani.

Waziri akasema, "Bwana wangu, usionje. Kiapo."

"Anaonja sufuria," akasema Mfaume. "Sufuria halikuapiwa."

Sultani akaonja. Lile tanuri likamrudia kooni, ila safari hii alibaki anasikia na kilemba kilikaa. Akasema kwa shida, "Umepungua. Lakini dada yangu ni mtu mzima, ukali huu utamtoa roho."

Mfaume akakuna kichwa. "Pana chombo kikubwa kuliko hiki?"

Mama Subira, ambaye alikwisha kuyafahamu yote na alikuwa akijizuia kucheka kwa upande wa khanga, akasema, "Shambani kuna lile karai la kuchemshia maji ya miwa. Watu wanaweza kuoga ndani."

Wakaenda askari wakalibeba karai vichwani, na kwa kuwa liliwafunika mpaka mabegani, waliopishana nao njiani walikimbia wakisema kobe amekuja mjini. Likawekwa uani juu ya mawe, moto ukawashwa chini yake. Ndani yake mlikuwa mmeganda sukari guru ya mavuno yaliyopita, ikaanza kuyeyuka. Mwandishi wa mahakama akauliza nani ametia sukari ile, ikaonekana hakuna aliyeitia, ilikuwapo. Likajazwa tui, ikatiwa mihogo, zikakamuliwa ndimu. Kisha wanaume wakalishika lile sufuria la harusi, na chungu ndani yake, wakalizamisha kwenye karai kwa kamba, wakisema bismillahi kwa pamoja.

Na ndipo punda wa Bi Mwanashaha alipoingia uani.

Alikuwa mwanamke mnene kiasi, amejitanda buibui, uso umekonda tangu msiba. Akashuka taratibu. Akatazama karai, akatazama mbuzi, akamtazama kadhi pipani. Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa amesimama na upawa, jicho moja jekundu.

"Haidari," akasema.

"Labeka, dada."

"Umenipikia mimi au umepikia jeshi?"

"Nimekupikia wewe, dada. Imeongezeka."

Kabla hajasema zaidi, Waziri Jabiri akajitokeza. Alikuwa amekaa mchana kutwa akiona punguani anafanikiwa, na jambo lile lilimchoma kuliko pilipili. Akainama mbele ya Bi Mwanashaha, akanena, "Karibu, mwana mwema. Sikutaka kukupokea kwa kesi, lakini sheria haingoji mtu kunawa. Mtu huyu amevunja kiapo cha Sultani. Tui limeingia chunguni, na kuku wametoka chunguni. Nyumba yake ivunjwe, naye atoke."

Sultani alimtazama Mfaume na shati lake lenye kola bila mikono, akaona kwamba kwa chungu cha kuombea radhi anakaribia kutenda kosa jingine. Lakini kiapo ni kiapo, na watu wanasikiliza.

Bi Mwanashaha akavuta kibao cha kukunia nazi, akakikalia. "Nisimulieni," akasema, nao wakamsimulia tangu mwanzo, akasikiliza bila kutikisa uso. Kisha akamwambia Mfaume, "Jibu, baba."

Mfaume akasema, "Bibi yangu, mimi sikutia tui chunguni. Nilitia chungu kwenye tui. Mtu akitumbukiza mtungi kisimani, watu husema mtungi umeingia kisimani, hawasemi fulani amekitia kisima mtungini."

"Na kuku?" akauliza Waziri.

"Kuku walitoka wenyewe."

"Kuku waliochinjwa, wakakatwa, wakapikwa, walitoka wenyewe?"

"Bwana waziri, wewe uliulamba mchuzi ule. Ungekuwa kuku, hata ukiwa umekufa, ungebaki?"

Watu wakacheka nyuma ya viganja. Sultani akajikaza. Mfaume akaendelea, kwa sauti ileile ya mtu aombaye kijinga, "Nami nina swali langu, kwa sababu sikusoma na napenda kufahamishwa. Kiapo kimesema mtu asitoe kitu chunguni, hata Sultani. Basi tuseme Sultani alipika sawasawa, pilipili kidogo, chumvi ya kutosha. Mgeni amefika, amenawa, ameketi, wali uko mbele yake, na chungu kiko mbele yake kimefunikwa. Nani angepakua?"

Mbuzi wakaendelea kutafuna.

Waziri akafungua kinywa, akasema, "Angepakua," akanyamaza. Akainua kidole, akasema, "Bila shaka pangekuwa na," akanyamaza tena, akakishusha kidole.

Na Sultani akaliona jambo zima kama analitazama dirishani: dada yake ametoka bara na msiba wake, ameketi mbele ya wali mkavu, na yeye na waziri na kadhi na askari wamesimama kukilinda chungu ambacho hakuna binadamu aruhusiwaye kukichota, leo na kesho na hata milele. Kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, akajaribu kukizuia kwa heshima ya kilemba, kisha kilemba kikaanguka. Akacheka mpaka akashika ukingo wa karai, akaungua, akacheka tena. Bi Mwanashaha alimtazama kwanza kwa ukali, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, naye akajifunika uso kwa buibui akacheka kwikwi, na mji mzima ukapata ruhusa.

Sultani alipopata pumzi akasema, "Mfaume hakutia wala hakutoa. Kiapo kimesimama, na kwa akili yake mgeni wangu atakula. Waziri, wewe ndiwe uliyekitunga. Hukumu yako ni kuwarudishia mbuzi wenyewe, kila mbuzi na mwenyewe, na ukimpa mtu mbuzi asiye wake utaanza upya."

Wanawake wakaenda majumbani wakarudi na wali, mikeka ikatandikwa uani, mji wote ukaketi. Kilichokuwa kigumu ni kuwapata kuku, maana majogoo yale yalikuwa yamepotelea katika bahari ya tui, ikabidi wanaume wasimame kulizunguka karai na pawa ndefu wakiwatafuta. Kila kipande kilipopatikana watu walishangilia. Paja la kwanza Sultani akalichukua kwa mkono wake, akaliweka kwenye sahani ya dada yake, akamwagia mchuzi, akamketia mbele kama alivyokuwa akiketi zamani, magoti pamoja.

Bi Mwanashaha akala tonge, akatafuna, akameza. Akanyamaza.

Sultani akainama mbele. "Ukoje, dada?"

"Pilipili bado imezidi," akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

Ikawa hivyo kwa kila mtu. Ukali ulikuwa umepungua kiasi cha kuwa mtamu, lakini haukupungua kiasi cha kuacha macho makavu. Mji wote ulikula na kulia, wakubwa kwa wadogo, wakijifuta na kuomba kuongezewa, wala hapakuwa na mtu wa kumtazama mwenziwe kwamba huyu analia nini. Na katikati ya machozi yale Sultani Haidari akaona machozi ya dada yake yamebadilika, hayakuwa tena ya pilipili, na yake pia.

Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, sikuja msibani."

"Hukuja."

"Nilikuwa na wageni. Sikuwa na udhuru. Niwie radhi."

Bi Mwanashaha akalia kitambo, kwa raha, kama mtu aliyekuwa amekosa mahali pa kulilia. Akamtaja mumewe kwa jina, akasema alipenda kuku wa nazi, na kwamba angeucheka sana mchuzi huu. Sultani akamshika mkono, na hakuna hata mmoja katika baraza lile aliyeona kwamba mfalme wao analia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akitafuta maji. Kisha Bi Mwanashaha akajifuta, akasukuma sahani mbele.

"Niongeze," akasema. "Na safari nyingine, mdogo wangu, pilipili moja. Nzima. Usiitwange."

Walipokwisha kula, Sultani akamwita Mfaume, akamwambia, "Niliahidi kukupa utakacho. Paa la kibanda chako nitaliezeka hata usipoomba, maana nimekuona. Lakini omba jingine. Taka shamba, taka kanzu, taka cheo cha Jabiri."

Mfaume akafikiri. Alikuwa hajala tangu jana yake, na wakati watu walipokuwa wakila yeye alikuwa juu ya karai na upawa akiwatafuta kuku.

"Bwana wangu," akasema, "naomba sinia la wali."

"Wali na mchuzi?"

"La, bwana wangu. Mkavu. Mchuzi nimeuona ulikotoka."

Akaletewa sinia, akapewa nafasi kati ya Sultani na Bi Mwanashaha, akala wali wake mweupe akimaliza tonge kwa tonge, na hao wawili wakimcheka huku pua zikiwachuruzika. Hayo ndiyo yaliyotokea Mtondooni, na aliyenisimulia alisema alikuwapo. Mimi nilipofika, masufuria yalikuwa yamekwisha kuoshwa.